Msiusingizie mlima

Wadau, nimekuwa kimya karibu wiki tatu. Majaribio yalinikaba shingoni, halafu bumu likachelewa, mnajua wenyewe mtu akiwa hana bumu hata vidole vya kuandikia vinapoteza nguvu. Sasa nimerudi, na leo siandiki habari za foleni ya kafteria wala za mhadhiri anayesoma slaidi zake kama anasoma risala. Leo nina hasira na timu ya besiboli.

Ndiyo, besiboli. Najua nusu yenu mnashangaa, huyu mtoto wa Kitanzania Yanga na Simba hazimtoshi? Ngoja nieleze kwa kifupi. Mjomba wangu, mdogo wake mama, anaishi Aurora, mji ulioshikana na Denver katika jimbo la Colorado kule Marekani. Nilipoingia mwaka wa kwanza alinitumia kofia nyeusi na zambarau yenye herufi C na R. Mwezi mzima watu darasani walidhani nimechaguliwa CR, wananifuata kuuliza ratiba ya majaribio. Kumbe CR hiyo ni Colorado Rockies. Nikaanza kuwafuatilia ili niweze kujibu nikiulizwa, na mpaka nashtuka nimeshakuwa mtu wa kuamka saa tisa na dakika arobaini usiku, huku kwao ni saa kumi na mbili na dakika arobaini jioni, kuangalia timu inafungwa. Bando langu limeliwa na watu wanaofungwa. Kwa hiyo haki ya kusema ninayo.

Hebu tuanze na matokeo, maana mimi nasomea ualimu wa hisabati na jiografia na siwezi kulalamika bila namba.

Msimu wa 2025 Rockies walicheza michezo 162, wakashinda 43, wakapoteza 119. Tangu mwaka 1900 ni timu mbili tu zilizowahi kupoteza zaidi ya hapo kwa msimu: Chicago White Sox ya 2024 iliyopoteza 121, na New York Mets ya 1962 iliyopoteza 120. Detroit Tigers ya 2003 wanalingana nao kwa 119. Mpaka tarehe 1 Juni 2025 Rockies walikuwa wameshinda 9 na kupoteza 50. Tarehe 10 Mei walifungwa 21 kwa 0 na San Diego, nyumbani kwao, mbele ya watu wao. Kesho yake wakashinda 9 kwa 3, na siku hiyohiyo kocha wao mkuu Bud Black, aliyekuwepo tangu 2017, akafukuzwa kazi. Yaani jamaa alishinda mchezo ndipo akapewa barua.

Kwa madaraja ya kidato cha nne, 43 kati ya 162 ni asilimia 26.5. Hiyo ni F. Lakini tusiwaonee, kwenye besiboli hakuna anayepata A. Milwaukee Brewers ndio waliokuwa na rekodi bora kuliko wote mwaka 2025, walishinda 97 kati ya 162, karibu asilimia 60, hiyo ni C. Los Angeles Dodgers waliochukua ubingwa walishinda 93, nayo ni C. Mtihani wenyewe ni mgumu kwa wote. Ila kati ya C ya bingwa na F ya Rockies kuna shimo la kuzika tembo.

Mtu anaweza kusema labda ni bahati mbaya, walifungwa kwa pointi moja moja. Hapana. Walifunga pointi 597 na kufungwa 1,021. Tofauti ni 424, na ndiyo tofauti mbaya kuliko zote tangu 1900. Kuna kanuni ya mtafiti wa takwimu za besiboli anaitwa Bill James: chukua pointi ulizofunga uzizidishe kwa zenyewe, gawanya kwa jumla ya hizo na zile ulizofungwa nazo zikiwa zimezidishwa kwa zenyewe. Jibu linakaribia sehemu ya michezo uliyostahili kushinda. Nilikokotoa nyuma ya daftari la mhadhara wa saikolojia ya elimu: 356,409 gawanya kwa 1,398,850. Unapata kama 0.255. Zidisha kwa 162, unapata 41. Kwa hiyo Rockies walistahili kushinda 41, wakashinda 43. Bahati ilikuwa UPANDE WAO, jamani!

Sasa ndiyo tufike kwenye hasira yangu yenyewe.

Msimu ulipoisha nikampigia mjomba. Shikamoo mjomba, marahaba mpwa, habari za masomo, nzuri, shangazi yako wa huku anakusalimia. Nikamuuliza, mjomba, hii timu vipi? Akacheka akasema, "Mpwa, huwezi kuwalaumu. Ni mlima ule. Pale hakuna binadamu anayeweza kurusha mpira." Na si mjomba peke yake. Ukifuatilia mazungumzo yoyote kuhusu Rockies, utasikia kwanza neno mwinuko kabla hujasikia jina la mchezaji. Mwinuko, mwinuko, mwinuko.

Nikakaa kimya kwenye simu, kwa sababu sentensi ile niliwahi kuisikia mahali pengine.

Mwaka jana nilikwenda mazoezi ya kufundisha katika shule moja ya sekondari ya milimani, sitaitaja. Wiki ya kwanza natoka kidato cha pili nimeloa jasho pamoja na baridi yote ile, watoto hawajui kujumlisha sehemu. Naingia ofisi ya walimu, mwalimu mmoja mwandamizi ananimiminia chai na kuniambia kwa upole kabisa, "Mwalimu, usijichoshe. Watoto wa huku juu hesabu hazipandi. Ni hii baridi." Alisema kwa huruma, na hilo ndilo lililoniuma. Nilipochungulia madaftari yao nikaona kitu ambacho baridi haina mkono nacho: walikuwa wamekaa muhula mzima na zaidi bila mwalimu wa hesabu. Daftari limesimama kwenye mada ya tatu, halafu kurasa nyeupe. Baridi haikuacha kurasa zile nyeupe. Kuna watu walioziacha.

Tangu siku ile mtu akiniambia "ni mazingira" namuomba kwanza anionyeshe daftari. Kwa hiyo tuwafungulie Rockies daftari lao.

Kwanza nitawapa mlima haki yake, maana jiografia nimesoma. Denver iko mita 1,600 hivi juu ya usawa wa bahari, karibu sawa na Iringa mjini, chini kidogo ya Mbeya. Katika uwanja wao, Coors Field, kuna mstari mmoja wa viti vya zambarau juu kule jukwaani kuonyesha usawa wa maili moja kamili. Hewa ni nyepesi. Mpira ukipigwa unakwenda mbali zaidi kwa sababu hewa haiuzuii sana. Na mrushaji anayetegemea kuupinda mpira anaumia, kwa sababu mpira unapinda kwa kusukumana na hewa, na hewa yenyewe haitoshi. Tangu 2002 wanahifadhi mipira kwenye chumba chenye unyevu ili isikauke na kuruka kupita kiasi, imesaidia lakini haijamaliza. Halafu wapigaji wakishuka kucheza mabondeni wanakuta mpira unapinda kuliko walivyozoea nyumbani, wanayumba siku chache. Yote haya ni kweli, siyakatai.

Lakini mlima haukuota mwaka 2019. Mwaka 2018 Rockies walishinda michezo 91, wakacheza mchezo wa ziada na Dodgers kuamua bingwa wa divisheni ya Magharibi. Mwaka huo walishinda 47 nyumbani na 44 ugenini. Mwaka 2009 walishinda 92. Mwaka 2007 walishinda michezo 21 kati ya 22 wakaingia fainali ya ubingwa, ingawa Boston waliwafunga minne kwa sifuri. Uwanja ulikuwa uleule, viti vya zambarau vilevile, hewa ileile.

Na msiniambie hakuna binadamu anayeweza kurusha pale. Mwaka 2010 Ubaldo Jiménez alishinda 19 na kupoteza 8, akiruhusu wastani wa pointi 2.88 kwa kila vipindi tisa. Mwaka 2018 Kyle Freeland, mtoto aliyezaliwa Denver hapohapo, alishinda 17 na kupoteza 7 kwa wastani wa 2.85. Mwaka 2025 Freeland yuleyule alishinda 5 na kupoteza 17. Kwa pamoja warushaji wao wa kuanza mchezo mwaka huo waliruhusu wastani wa 6.65, mbaya kuliko wa timu yoyote tangu takwimu hiyo ianze kuwekwa rasmi mwaka 1913. Zaidi ya miaka mia moja! Na Rockies wapo pale mlimani tangu 1993. Kama ni mlima, ulikuwa wapi miaka thelathini iliyotangulia?

Tena tazameni hili. Nyumbani mlimani mwaka 2025 walishinda 25 kati ya 81, asilimia 31 hivi, D. Ugenini, kule bondeni kwenye hewa nzito na nzuri, walishinda 18 kati ya 81, asilimia 22, F. Mwanafunzi anayesingizia baridi ya kwao, ukimpeleka Pwani anafeli zaidi. Huyo tatizo lake si baridi.

Na wa mwisho: Mexico City iko juu kuliko Denver, zaidi ya mita 2,200. Timu yao ya Diablos Rojos imechukua ubingwa wa ligi ya Mexico mwaka 2024 na tena 2025. Najua ligi ni nyingine na wapinzani ni wengine. Lakini mpira ni uleule na hewa ya pale ni nyepesi zaidi. Wao waliuzoea mlima wao wakaufanya silaha.

Haya, tuingie kwenye kikosi. Nitakwenda kama mwalimu anayepitia ripoti, mmoja mmoja.

Mdakaji: Hunter Goodman. Huyu ndiye mwanafunzi pekee wa darasa ambaye mzazi wake anaweza kuja kikaoni kifua mbele. Mipigo 31 ya kutoa mpira nje ya uwanja, wastani wa .278, akachaguliwa kucheza mchezo wa nyota na akapata tuzo ya mpigaji bora wa nafasi yake. Kila mpango wa 2026 unatakiwa kuanza na jina hili.

Katikati ya uwanja: Ezequiel Tovar anayelinda kati ya besi ya pili na ya tatu, na Brenton Doyle wa kati kule nyuma. Tovar alipata Glovu ya Dhahabu 2024, Doyle alipata 2023 na 2024. Kwa kulinda, wawili hawa ni wa kiwango cha timu yoyote. Kwa kupiga, 2025 haikuwa yao, na Tovar aliumia akakosa sehemu kubwa ya msimu. Hawa nawaamini. Ni watoto wenye akili waliopata muhula mbaya.

Nyuma pembeni: Jordan Beck na Mickey Moniak. Moniak ndiye somo langu ninalolipenda. Angels walimwacha siku chache kabla msimu haujaanza, Rockies wakamwokota, akapiga mipigo 24 ya nje. Maana yake hawa watu wakitaka kutafuta wanaweza kupata. Kwa nini hawatafuti kila siku?

Besi ya tatu: Ryan McMahon aliuzwa kwa Yankees Julai 2025, wakapewa warushaji vijana wawili. Nafasi akapewa Kyle Karros, kijana mdogo ambaye baba yake, Eric, alichezea Dodgers. Apewe muda. Besi ya kwanza na ya pili ni kama kiti kilichovunjika mguu, kila anayekalia anaanguka. Michael Toglia alipiga mipigo 25 mwaka 2024, mwaka 2025 akaporomoka mpaka akarudishwa ligi za chini.

Warushaji: hapa ndipo penye msiba. Freeland ni mtu mzima aliyechoka lakini hakimbii kazi, namheshimu. Germán Márquez mkataba wake ulikwisha na msimu wa 2025. Antonio Senzatela alitolewa kwenye kuanza akapelekwa akiba. Anabaki Chase Dollander, kijana waliyemchagua wa tisa mwaka 2023. Alianza 2025 na kuna namba yake moja ambayo ningeibandika ukutani kwenye ofisi yao: nyumbani aliruhusu wastani wa zaidi ya 9, ugenini chini ya 4. Mtu wa mlima atasema, si unaona? Mimi nasema, ndiyo naona, naona mwanafunzi mwenye kipaji ambaye hakuna aliyekaa naye kumfundisha namna ya kurusha nyumbani kwake. Timu imekaa mlimani miaka zaidi ya thelathini, inatakiwa iwe ndiyo shule bora duniani ya kurusha mpira kwenye hewa nyepesi. Vijana wangetoka kila pembe kuja kusoma pale. Badala yake kila kijana anafika na kuanza kuugundua mlima mwenyewe kwa kupigwa, kama vile hakuna aliyemtangulia. Hawana azimio la kazi. Huwezi kuingia darasani miaka thelathini bila azimio la kazi halafu ulaumu dirisha.

Halafu kuna Kris Bryant. Machi 2022 walimpa mkataba wa miaka saba, dola milioni 182, hadi 2028. Alikuwa mchezaji bora wa ligi yake mwaka 2016 akiwa Chicago Cubs. Katika misimu minne, 2022 hadi 2025, amecheza michezo 170 kati ya 648. Mahudhurio asilimia 26. Ukiwa na mahudhurio hayo hapa chuoni chumba cha mtihani unakisikia kwa wenzako. Simlaumu yeye, mgongo wake umeharibika na maumivu ya mgongo si utani. Nawalaumu walioona mchezaji aliyekwisha kuumia mara kadhaa wakampa pesa ya kujenga idara nzima ya kufundisha warushaji. Na mwaka mmoja tu kabla walikuwa wamempeleka Nolan Arenado, beki bora wa besi ya tatu kuliko yeyote waliyewahi kuwa naye, kwenda St. Louis, na JUU YAKE wakaongeza kama dola milioni 50. Unampa mtu ng'ombe, halafu unamlipia na nauli ya kumswaga.

Mwenye timu ni familia ya Monfort, na Dick Monfort ndiye msemaji wa mwisho. Januari 2023 alisema hadharani anaona timu inaweza kushinda nusu ya michezo yake. Mwaka huo wakapoteza 103. Uliofuata 101. Uliofuata 119. Kwa zaidi ya miaka ishirini hawakuleta mkuu wa ufundi kutoka nje, nafasi ikiwa wazi anapanda wa ndani. Jeff Bridich alipoondoka 2021 akapanda Bill Schmidt, aliyekuwepo klabuni tangu 1999. Juni 2025, katikati ya msimu ule ule wa aibu, mtoto wa mwenye timu, Walker Monfort, akapandishwa cheo. Mimi sina ubaya na mtoto kumsaidia baba yake dukani. Ila kama duka linaungua, ungeita kwanza zimamoto.

Na kwa nini wabadilike? Hili ndilo jibu ambalo watu wa mlima hawapendi kulisikia. Besiboli ya Marekani haina kushuka daraja. Ukiwa wa mwisho, mwakani upo palepale. Na msimu ule wa kupoteza 119, watu karibu milioni 2.4 walilipa kuingia Coors Field. Uwanja ni mzuri, jua linazama nyuma ya milima, watu wanakuja. Mwaka wao wa kwanza, 1993, waliingiza watu 4,483,350, na hakuna timu ya besiboli iliyowahi kuvuka idadi hiyo kwa msimu mmoja. Mapenzi yale ya siku ya kwanza ndiyo yanayowaponza mpaka leo. Shule ambayo wazazi wanalipa ada hata watoto wakipata sifuri wote haina haraka ya kuajiri mwalimu wa hesabu.

Sasa 2026. Niwe mkweli, kuna habari njema. Baada ya msimu Schmidt aliondoka, na Novemba 2025 wakamleta Paul DePodesta kutoka nje. Ndiyo yule wa Oakland enzi zile za kutumia takwimu kutafuta wachezaji wa bei nafuu. Nafurahi, ila alikuwa amekaa karibu miaka kumi kwenye mpira wa Kimarekani kule Cleveland, na besiboli imekimbia sana miaka hiyo. Warren Schaeffer aliyemrithi Black akapewa kazi moja kwa moja. Akiwa wa muda alishinda 36 na kupoteza 86. Hiyo ni asilimia 29.5, F iliyochungulia D.

Vijana wapo. Charlie Condon alichaguliwa wa tatu mwaka 2024, Ethan Holliday wa nne mwaka 2025, mtoto wa Matt Holliday wa kikosi kile cha 2007. Lakini kwenye uchaguzi wa 2026 timu hii mbovu kuliko zote haikuruhusiwa kuwa juu, kwa sababu kanuni inazuia kupata nafasi za bahati nasibu miaka mitatu mfululizo. Wakapangwa wa kumi. Kwa hiyo hata njia ya kufeli ili usaidiwe imefungwa.

Utabiri wangu. Nilichukua timu tatu zilizowahi kufika chini namna hii. Mets walitoka ushindi 40 hadi 51. Tigers 43 hadi 72. White Sox 41 hadi 60. Wastani wa kupanda ni kama 20. Ukijumlisha kwa Rockies unapata 63. Mimi nawapunguzia kwa sababu ya warushaji, nasema 57 au 58. Na hapa ndipo nawaomba muwe macho! Wakishinda 58 watatangaza wamepanda kwa ushindi 15, watapongezana, mabango yatachapwa. Lakini aliyefika chini kabisa lazima apande kidogo hata asipofundishwa, kama mpira uliodundishwa sakafuni. Ushindi 58 ni asilimia 36, D ya chini, na bado ni kupoteza zaidi ya 100 kwa mwaka wa nne mfululizo. Msiwahesabie ushindi. Hesabuni warushaji vijana wangapi wamekuwa bora kuliko walivyoingia. Wakipatikana watatu, hata kama ushindi ni 50, nitasema shule imefunguliwa. Tigers wale wa 2003 walifika fainali ya ubingwa 2006. Miaka mitatu tu. Walinunua, wakachagua vizuri, wakafundisha.

Yote haya nilimwambia mjomba, nikamaliza kwa kumwomba Aprili asinunue tiketi. Hata mwezi mmoja tu. Viti vikikaa vitupu mwenye timu atasikia.

Mjomba akanyamaza kidogo. Kisha akasema, "Mpwa, mimi nilifika huku sijui mtu. Kazi ya usiku, baridi, sina lugha ya kutosha. Bosi wangu akanipa tiketi mbili za bure. Nikakaa kule juu kwenye viti vya zambarau, mzee mmoja hanijui akaanza kunieleza sheria, mpaka mchezo ukaisha. Sasa wanangu wanakaa palepale. Unataka niwaambie nini?" Akanikumbusha tarehe 1 Agosti 2025. Pittsburgh walifunga 9 kipindi cha kwanza, kabla Rockies hawajashika gongo. Mjomba hakuondoka. Ikaisha 17 kwa 16, Doyle akipiga nje mpira wa mwisho, na watoto wakalia kwa furaha wakiwa na timu iliyokuwa tayari imekufa. Mimi mwenyewe usiku ule niliruka kitandani mpaka rumeti akaamka kuuliza kuna moto wapi.

Sikuwa na jibu la haraka, na sitawadanganya kwamba nilikuwa nalo. Ila nimelifikiria wiki nzima, na ninalo sasa, mjomba, kwa heshima zote. Wale kidato cha pili nao walinipenda. Walinisindikiza mpaka stendi siku ya kuondoka, wamebeba begi langu. Watoto wanaweza kuipenda shule ambayo haiwafundishi. Mapenzi yao hayakuwa ushahidi kwamba shule ni nzuri, yalikuwa deni. Nenda uwanjani mjomba, wapeleke wadogo zangu, sitakuzuia tena. Lakini mtu akigeuka kule kwenye viti vya zambarau akakwambia ni mlima, usimkubalie. Mwambie mpwa wako anasema afungue daftari.

Mimi narudi kwenye andalio la somo, kesho nina uwasilishaji saa mbili asubuhi. Na ndiyo, msimu wa 2026 nitakuwa macho saa tisa na dakika arobaini usiku. Mnisamehe.